Fangasi wa ndani kwa mgonjwa wa saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya damu

Nafanya kazi maabara, upande wa vimelea, katika hospitali inayolaza wagonjwa wa saratani za damu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa dirishani pa kupokelea sampuli na ndugu waliotumwa na karatasi ya daktari, bomba la damu mkononi, hawajui damu hiyo inakwenda kutafutwa nini. Pale watu wanapokwama zaidi nimejibu kwa kirefu. Uamuzi wa dawa ni wa daktari anayemtibu mgonjwa wenu. Mimi nataka mkienda kuongea naye muwe mnajua cha kumuuliza.

Fangasi si ugonjwa wa ngozi? Anafikaje kwenye damu?

Wengi wakisikia fangasi wanawaza miguu inayowasha, mba za kichwani au utando mweupe mdomoni. Hao wanakaa juu juu. Fangasi wa ndani ni wale waliopenya hadi kwenye damu, mapafu, ini, figo au ubongo, na wanaua.

Wanaotusumbua zaidi ni wawili. Candida ni wa jamii ya hamira, na anaishi tumboni na kwenye ngozi za watu wazima wa afya bila neno. Dawa za kemo zikichubua utumbo, au mgonjwa akikaa na mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani kwa wiki kadhaa, anapata upenyo wa kuingia kwenye damu. Aspergillus ni ukungu. Mbegu zake ziko hewani, kwenye vumbi la ujenzi, kuta zenye unyevu, majani yaliyooza, gunia la mahindi yaliyovunda. Wewe unayesoma hapa umezivuta leo, na chembe nyeupe za mapafuni zimeshazimaliza. Mgonjwa wa lukemia aliye katikati ya kemo hana chembe hizo.

Ndiyo maana daktari anaangalia FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kila asubuhi. Kuna mstari mmoja humo unaohesabu neutrofili, askari wakuu wa damu. Zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja (kwenye karatasi nyingi itaandikwa 0.5) na zikakaa huko kwa zaidi ya siku 10, hatari ya ukungu wa mapafu inapanda sana. Mwenye AML, aina ya lukemia inayokuja kwa kasi, anayeanza matibabu na aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine wako mstari wa mbele. Mama anayetibiwa saratani ya matiti, ambaye chembe zake hushuka siku chache tu kisha zikarudi, hayuko kwenye hatari hiyo. Tofauti hii ishikeni, maana huko mbele ndiyo itakayoamua kama karatasi ya majibu ina maana au haina.

Kwa nini mnatafuta kwenye damu wakati ugonjwa uko kwenye pafu?

Ushahidi mzito kuliko wote ni kipande cha nyama ya pafu chini ya hadubini. Lakini mgonjwa mwenye chembe sahani elfu kumi na mbili, zile za kugandisha damu, ukimchoma sindano pafuni anaweza kuvuja asikome. Makohozi nayo mara nyingi hana, kikohozi chake ni kikavu. Damu ya mkononi inapatikana kila siku kwa hatari ndogo, na fangasi anapokua pafuni huacha vipande vya ngozi yake vikielea kwenye damu. Tunatafuta vipande hivyo.

Kuna aina ngapi za vipimo?

Tatu. Kuna kuotesha damu ili fangasi mwenyewe aote. Kuna vipimo vya antijeni, vinavyonasa vipande vyake: galaktomanani, beta-glukani na kile cha Cryptococcus, fangasi anayependa kushambulia ubongo. Na kuna PCR, inayotafuta vinasaba vyake. Hakuna hata kimoja kinachonasa fangasi wote. Kwa hiyo ukiambiwa "kipimo cha fangasi hakijaona kitu", uliza: kipimo gani, na fangasi yupi?

Kuotesha damu kunafanyikaje, na mbona mnachukua damu nyingi hivyo?

Malalamiko haya nayasikia kila wiki: "Mgonjwa hana damu, kaongezewa chupa mbili juzi, nyinyi mnamnyonya tena." Naelewa uchungu wake. Lakini wakati Candida ameingia kwenye damu, mililita nzima inaweza kuwa na chembe yake moja, au isiwe nayo kabisa. Damu kidogo ni sawa na kuvua samaki ziwani kwa kikombe.

Kwa mtu mzima kila chupa inataka mililita 8 hadi 10, na tunajaza zaidi ya chupa moja. Kwa mtoto kiasi kinapimwa kulingana na uzito wake. Ukimsindikiza mgonjwa, utaona ngozi inasuguliwa kwa klorheksidini au spiriti kama nusu dakika na kuachwa ikauke yenyewe. Hapo usimharakishe muuguzi. Kifuniko cha chupa nacho kinafutwa. Mgonjwa akiwa na mpira wa kifuani, seti moja itoke kwenye mpira na nyingine kwenye mshipa wa mkono, kwa wakati mmoja, kila chupa ikiandikwa ilikotoka. Chupa ya mpira ikiota saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkono, tunaushuku mpira wenyewe kuwa ndio chimbuko, na mara nyingi hung'olewa.

Chupa zinaingia kwenye mashine yenye joto kama la mwili, zinatikiswa taratibu usiku na mchana kwa siku 5. Kilichomo kikipumua, hewa yake inabadilisha rangi kitako cha chupa na mashine inapiga kengele. Candida wengi hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Tone moja linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na chini ya hadubini naona vidude vya zambarau vya duara, vingine vimechipua vitoto ubavuni kama kiazi kinachoota. Nikiviona napiga simu wodini palepale, hata kama ni saa nane za usiku. Bakteria wa ngozi wakiota kwenye chupa moja tunaweza kujadiliana kama ni uchafu wa sindano. Hamira kwenye damu haina mjadala huo, inatibiwa.

Niseme na kosa langu. Miaka ya nyuma niliwahi kupokea chupa ya mtu mzima iliyokuwa na damu isiyofika mililita tatu. Mishipa yake ilikuwa imechoka, aliyechukua damu alikuwa amejaribu mara nne, nikamwonea huruma nikaipokea bila kuandika chochote. Ikakaa siku zote tano kimya, na majibu yakatoka kwamba hakuna kilichoota. Chupa iliyofuata ilikuja imejaa, na ikaota Candida. Tangu siku hiyo chupa pungufu naipokea, lakini kwenye majibu naandika kwa herufi kubwa kwamba damu ilikuwa kidogo na jibu hasi lisitegemewe.

Kuotesha kukiwa hasi, je, fangasi hayupo?

Hapana. Hata chupa zikijazwa vizuri, kuotesha kunawanasa takriban nusu tu ya wenye Candida wa ndani. Na Aspergillus karibu haoti kabisa kwenye damu, hata kama pafu limejaa. Kuna ukungu mwingine, Fusarium, ambaye yeye huota kwenye damu mara nyingi na huja na vidonda vya ngozi vyenye kitovu cheusi. Lakini kwa Aspergillus, chupa iliyonyamaza haijasema lolote.

Galaktomanani ni nini?

Ni sukari ndefu iliyo kwenye ukuta wa Aspergillus, ambayo humwagika kwenye damu anapojipenyeza kwenye tishu. Shirika la dawa la Marekani, FDA, liliidhinisha kipimo chake cha damu mwaka 2003.

Damu yako ikiganda, juu yake yanabaki maji ya manjano, ndiyo seramu. Tunaichanganya na dawa na kuichemsha dakika chache, inaganda nyeupe kama ute wa yai, tunaizungusha kwenye mashine, kisha tunachukua maji masafi yaliyobaki juu. Maji hayo yanatiwa kwenye vishimo vidogo vya plastiki ambavyo kuta zake zimepakwa kingamwili za kunasa sukari ile. Tunasubiri, tunaosha, tunatia rangi. Kishimo chenye sukari kinageuka buluu, na tukimalizia na tindikali kinakuwa manjano. Mashine inapima ukali wa manjano hayo na kuugawanya kwa ukali wa sampuli ya kiwanda tuliyoiweka pembeni.

Ndiyo maana jibu halina "miligramu" wala "mililita" mwishoni. Linakuja kama 0.3 au 1.8, nasi tunaliita kielezo. Kazi yote inachukua saa chache, lakini sahani ya kupimia ina vishimo vingi na vitendanishi ni ghali, hivyo maabara nyingi husubiri sampuli zikusanyike. Mkiambiwa mrudi Alhamisi, mara nyingi sababu ni hiyo. Kwa mgonjwa mwenye homa isiyoshuka kusubiri huko kunauma, na ndugu wana haki ya kumwomba daktari aongee na maabara.

Majibu ya mama yametoka 0.6 na karatasi imeandikwa "chanya". Ana fangasi?

Hili ndilo swali ninalotaka lisomwe kuliko yote.

Kiwanda kimeweka kizingiti cha 0.5. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walio kwenye makundi ya EORTC na MSG, katika fasili zao za mwaka 2020 za kuwapanga wagonjwa kwenye tafiti, waliona 0.5 ni chini mno kusimama peke yake, wakataka 1.0 kwenye damu, au 0.7 kwenye damu ikiambatana na 0.8 kwenye maji yaliyotumika kuosha ndani ya pafu. Kwa hiyo 0.6 iko katikati ya njia.

Hebu tuhesabu pamoja. Chukua wagonjwa 100 wa lukemia wenye homa iliyogoma, na tuseme 10 kati yao kweli wana Aspergillus. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikuta kwamba kwa kizingiti cha 0.5 kipimo hunasa kama 78 kati ya kila 100 wenye ugonjwa, na hutoa hasi kwa kama 85 kati ya kila 100 wasio nao. Basi kati ya wale 10 wetu, 8 hivi watatoka chanya. Kati ya 90 wasio na ugonjwa, 13 au 14 nao watatoka chanya. Una karatasi 22 zilizoandikwa "chanya", na wenye ugonjwa ni 8 tu. Sasa shika karatasi za hasi: ziko kama 78, na waliojificha humo ni 2.

Fanya hesabu ileile kwa mtu ambaye hatari yake ni ndogo sana, kama yule mama wa saratani ya matiti. Humo karibu kila chanya itakuwa ya uongo. Damu ni ileile, mashine ni ileile, namba ni ileile ya 0.6, na maana imebadilika kwa sababu ya mtu ambaye namba hiyo imetoka kwake.

Kwa hiyo 0.6 ya mama yenu inataka mambo mawili haraka: damu mpya ipimwe tena, na CT skani ya kifua ifanyike. Eksirei ya kawaida hukosa madoa ya mwanzo. Ikiwa damu ya pili nayo ni chanya na CT inaonyesha kinundu chenye ukungu mwepesi kukizunguka, kama mwezi uliozingirwa na duara, hapo daktari hasubiri tena.

Ni vitu gani vinaweza kukidanganya kipimo hicho?

Upande wa chanya ya uongo: kingamwili za dripu, baadhi ya maji ya dripu yenye glukoneti, na utumbo uliochubuka kiasi cha kupitisha sukari za chakula kwenye damu. Zamani antibayotiki ya piperasilini-tazobaktamu ilikuwa mshukiwa mkubwa kwa sababu ilitokana na ukungu wa Penicillium, lakini siku hizi tatizo hilo limepungua sana. Histoplasma, fangasi mwingine ambaye Afrika yupo na mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, naye huwasha kipimo hiki.

Upande wa hasi ya uongo, mkubwa wao ni dawa. Mgonjwa anayemeza posakonazoli au vorikonazoli kwa ajili ya kinga anaweza kuwa na ukungu uliodhoofishwa, usiomwaga sukari ya kutosha. Mweleze mtu wa maabara dawa zote anazotumia mgonjwa. Fomu zetu zina nafasi hiyo na karibu kila siku inakuja tupu.

Na beta-glukani?

Hii ni sukari nyingine ya ukutani, ila ipo kwa fangasi wengi: Candida, Aspergillus, Fusarium, na Pneumocystis anayeleta nimonia kali. Kipimo chake kinachojulikana zaidi kinatumia chembe za damu ya mnyama wa baharini wa pwani ya Marekani mwenye gamba kama kofia na damu ya buluu. Damu hiyo huganda ikigusa glukani hata iwe kidogo vipi. Kwenye kipimo hicho, chini ya pikogramu 60 kwa mililita ni hasi, 80 na kuendelea ni chanya, na katikati hakuna jibu, rudia.

Nguvu yake iko kwenye hasi. Mgonjwa aliyepimwa zaidi ya mara moja akawa chini ya 60, uwezekano wa Candida wa ndani unashuka sana. Kwa Pneumocystis ni kizuri hasa. Mgonjwa wa limfoma, saratani ya tezi, aliyekaa kwenye steroidi muda mrefu, hanywi septrini ya kinga, anahema juu juu na oksijeni inashuka, glukani ikiwa juu sana njia imeonekana.

Udhaifu wake ni kwamba glukani iko kila mahali: kwenye pamba na gozi za upasuaji, kwenye baadhi ya vichujio vya kusafishia figo, kwenye albumini na kingamwili za dripu. Bomba la kawaida la damu linaweza kuwa nayo. Nimeshaona majibu ya zaidi ya 500 kwa mgonjwa aliyetoka kusafishwa figo asubuhi ileile, na damu mpya iliyochukuliwa siku ya mapumziko ikawa ya kawaida.

Vipimo vyote viwili vimetoka hasi, lakini uso umevimba na pua ina kigaga cheusi. Inawezekana?

Inawezekana, na ni dharura. Huenda ni ukungu wa kundi la Mucor. Kundi hilo halina galaktomanani, na glukani yake ni kidogo mno kuonekana. Antijeni ya kulinasa kwenye damu bado haijaingia kwenye huduma ya kawaida. Maumivu ya uso upande mmoja, jicho kuvimba, weusi kwenye kaakaa au ndani ya pua kwa mtu asiye na neutrofili: aitwe daktari saa hiyohiyo, achukuliwe kipande cha nyama, aanzishiwe dawa ya fangasi ya amfoterisini B, na mpasuaji aje. Vorikonazoli haimgusi Mucor. Ndugu akijua hili moja tu, ameokoa masaa.

Ipo PCR ya Mucor kwenye seramu. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2022 uliikuta inanasa kama 85 kati ya 100. Ni habari njema, ila kwetu bado haijafika wodi za kawaida.

PCR si ndiyo bora kuliko vyote, kama ilivyokuwa Korona?

Pua ya mwenye Korona ilikuwa na virusi tele. Damu ya mwenye Aspergillus ina vinasaba vichache mno, na mbegu za ukungu huu zinaelea hata kwenye chumba cha maabara, zikianguka kwenye bomba zinaleta chanya. Kwa hiyo PCR moja chanya haitoshi. Fasili zile za 2020 zinataka mbili mfululizo kwenye damu. Ikitumika pamoja na galaktomanani, ndipo inapong'aa: vyote viwili vikiwa hasi mara kwa mara, mgonjwa asiye kwenye dawa za ukungu ana uwezekano mdogo sana wa kuwa na ugonjwa.

Apimwe mara ngapi?

Mwenye hatari kubwa, neutrofili zikiwa chini na hapewi dawa ya kinga dhidi ya ukungu: galaktomanani mara mbili kwa wiki hadi chembe zirudi. Aliye kwenye posakonazoli asipimwe kwa ratiba, apimwe dalili zikitokea. Mwenye hatari ndogo asipimwe kabisa bila sababu, maana mtavuna hofu na dawa asizohitaji.

Vipimo vikiwa hasi, dawa ya fangasi inaweza kuachwa?

Mara nyingi ndiyo, na hapa ndipo vipimo hivi vinalipa gharama yake. Desturi ya zamani ilikuwa hivi: homa ikiendelea siku 4 hadi 7 juu ya antibayotiki, mgonjwa anaanzishiwa amfoterisini hata kama hakuna ushahidi. Imeokoa watu. Pia imeharibu figo za wengi ambao hawakuwa na fangasi, na amfoterisini ya kawaida humtetemesha mgonjwa kitandani mpaka kitanda kinalia.

Australia walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 240 wa lukemia na wa uboho wa kupandikizwa. Kundi moja lilitibiwa kwa desturi, jingine kwa kufuata galaktomanani na PCR. Waliopewa dawa za fangasi kwa kubahatisha walikuwa asilimia 32 kwenye kundi la desturi na 15 kwenye kundi la vipimo, na vifo havikuzidi. Sharti lake ni majibu kurudi upesi na CT kupatikana. Hospitali ambayo galaktomanani inachukua siku kumi kurudi, daktari anayeanza dawa mapema hajakosea.

Hospitali yetu haina galaktomanani wala glukani. Tumekwisha?

Hapana. Kuotesha damu kupo kwenye hospitali nyingi za rufaa za Tanzania, Kenya na Uganda, na chupa zilizojazwa vizuri ni hatua kubwa. CT ipo mahali pengi kuliko zamani. Na kipimo cha Cryptococcus, CrAg, kimesambaa kwa sababu ya huduma za VVU: tone la seramu, kijiti cha karatasi, dakika 10, mistari miwili. Wengi wanadhani ni cha wenye VVU tu. Mgonjwa wa limfoma au aliyetumia steroidi muda mrefu, akiumwa kichwa kisichotulia, ana haki ya kukiuliza. Nasikitika kila ninapoona kijiti hicho kimelala kabatini wakati mgonjwa wa saratani wodi ya pili anatibiwa malaria kwa mara ya tatu.

Vipo sasa vijiti vya aina hiyo vya galaktomanani, visivyohitaji mashine kubwa wala kusubiri sampuli zikusanyike, jibu linatoka ndani ya saa moja. Orodha ya vipimo muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka Cryptococcus, Histoplasma na Aspergillus humo. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilitaja fangasi 19 wa kupewa kipaumbele, na Aspergillus fumigatus yuko kwenye kundi la juu kabisa. Viongozi wa hospitali wanaopanga manunuzi wanaweza kuonyeshwa orodha hizo.

Seramu ikipelekwa mji mwingine, isafiri kwenye kisanduku cha baridi cha nyuzi 2 hadi 8, bomba lisifunguliwe njiani, na jina na saa ya kuchukua damu viandikwe kwenye bomba lenyewe. Karatasi peke yake haitoshi, maana barafu ikiyeyuka inaifuta.

Wamesema ni Candida. Kuna haja ya kujua ni Candida gani?

Kubwa sana. Candida albicans wengi wanasikia flukonazoli, ambayo ni rahisi na inapatikana. Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, mara nyingi haisikii, na anaenea kutoka kitanda hadi kitanda. Nairobi amekwisha kuripotiwa kwa wingi kwenye damu za wagonjwa. Baadhi ya mashine humwita kwa jina la ndugu yake, Candida haemulonii. Jina hilo likitoka, maabara ihakikishe tena.

Dawa zimeanza. Damu ipimwe tena?

Kwa Candida, damu ioteshwe tena kila siku, au kwa kuruka siku moja, hadi iwe safi. Siku 14 za dawa zinahesabiwa kuanzia siku damu ilipokuwa safi kwanza. Siku ya kuanza dawa haihesabiwi, na wengi hukosea hapo. Macho nayo yaangaliwe, Candida hupenda kujificha nyuma ya jicho. Kwa Aspergillus, galaktomanani inayoshuka ni dalili njema. Glukani huchelewa, inaweza kubaki juu wiki kadhaa mgonjwa akiwa anapona, msiogope kwa hiyo peke yake.

Ni usiku, mgonjwa yuko nyumbani wiki moja baada ya kemo, ana nyuzi 38.4. Tusubiri asubuhi tumpeleke maabara?

Msisubiri. Msimpe panadoli kwanza ili "tuone kama itashuka", itaficha homa na fangasi au bakteria ataendelea na kazi. Anayeua ndani ya saa chache za mwanzo ni bakteria, na antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Vipimo vya fangasi vitafuata siku za mbele homa ikigoma. Wakimpima malaria na ikawa chanya, atibiwe malaria, lakini antibayotiki isiachwe kwa sababu hiyo.

Mkifika mapokezi msikae kwenye foleni kimya. Chukueni kadi yake ya kliniki, mwendeeni muuguzi wa kwanza mtakayemwona, mwambieni: "Yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana homa tangu saa fulani." Na kabla antibayotiki haijaingia kwenye mshipa, ombeni damu ya kuotesha ichukuliwe, chupa zijae. Ikishindikana kupata mshipa haraka, dawa iingie kwanza.